Mapigo Ishirini ya Chabani

Baba yangu Matata, fundi cherehani wa Muyinga, alijifunza gofu kwa kuwabebea Wazungu mikoba yao Bujumbura. Uhuru ulipokuja alirudi na fimbo tatu kuukuu na majivuno ya kutosha mtaa mzima. Akafungua kiwanja nyuma ya maghala ya kahawa, na yeye ndiye aliyewapima wachezaji. Aliye dhaifu alipewa mapigo ya msamaha, yanayopunguzwa kwenye hesabu yake ili aweze kushindana na wenye nguvu.

Mume wangu Chabani alipewa ishirini. Kila Jumapili alicheza na baba, na kila Jumapili alichapwa vibaya. Baba alirudi akimhurumia mkwewe kwa sauti ya kusikika sokoni, na mimi, mjinga, nilicheka naye.

Basi tukaalikwa mashindano Gitega. Huko Chabani alipangwa na watu asiowajua, na mpira ukaenda kila alikoutuma. Hata bila msamaha angekuwa miongoni mwa washindi. Walipompunguzia yale ishirini, aliwaacha wenyeji mbali mpaka msoma matokeo akashikwa na kigugumizi.

"Huyu iko mwizi!" alifoka Bisimwa, mfanyabiashara wa Kikongo aliyekuwa wa pili. "Nani alimupima?"

"Ni mi," baba akasimama. "Iko mukwe wangu, na mi namushindaka kila Jumapili. Leo ni bahati tu. Wallahi, naapa!"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, na hapo nikaelewa. Kwetu mkwe hamtangulii baba wa mkewe hata mlangoni, sembuse mchezoni. Uso uliniiva kwa aibu. Akisema kweli, anamvua baba nguo mbele ya Gitega nzima. Akinyamaza, yeye ni mwizi. Akanyamaza.

Baba akaweka mpira chini. "Chabani, piga. Waone vile unapigaka mbele yangu."

Chabani akapiga. Mpira ukajiviringisha hatua chache, ukalala kwenye majani. Watu wakaangua kicheko, lakini baba hakuwa akiutazama mpira. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameitazama mikono ya mkwewe, na aliona jinsi alivyoilegeza kwa makusudi.

"Tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu nilioa, baba."

Baba akaokota mpira, akaufuta kwa shati lake.

"Kumbe Jumapili yote ile," alisema, "mi nilikuwa nacheza peke yangu."