Mawe Yaliyooshwa

Kwa wiki tatu na siku kadhaa tangi la kioo lilikaa sebuleni kwa mzee Chandulal likiwa na maji, mchanga, mawe na pampu, bila kiumbe hata kimoja. Wachache waliopita pale, muuza maziwa na fundi umeme, waliinama, wakachungulia, wakauliza swali lile lile: samaki wako wapi? Salvina, dada wa kazi, aliwajibu, "Bado. Maji hayajaiva."

Ndivyo alivyolielewa jambo lenyewe. Maji yaliyochujwa, ukishayatia ile chumvi ya bahari ya kwenye ndoo, bado ni mabichi. Ukimtia samaki, uchafu wake unageuka amonia, na amonia inamchoma matamvua mpaka afe. Kwa hiyo unayaacha maji yazunguke kwanza bila samaki, unadondoshea amonia kidogo ya kwenye chupa, unangoja bakteria waote kwenye mawe. Kundi la kwanza linakula amonia na kuacha nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaila nitriti. Siku utakapotia amonia, na kesho yake usikute hiyo wala nitriti, ndipo maji yameiva. Huchukua wiki nne, sita, pengine zaidi, na hakuna wa kuwaharakisha.

Maelezo yalikuja kwa Kiingereza, na Salvina ndiye aliyeyasoma, kwa kamusi na kwa Kiingereza chake cha masomo ya jioni, maana mzee alikuwa na mtoto wa jicho. Yeye ndiye aliyepima pia. Kila saa kumi alasiri alichota maji kwenye kichupa, akatia matone, akalinganisha rangi na kadi. Njano, hamna amonia. Kijani, ipo.

"Leo?" mzee aliuliza kutoka kitini.

"Kijani, mzee."

"Cha mchicha au cha ndizi?"

"Cha ndizi."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya siku. Tangu mkewe, mama Manju, afariki mwaka juzi, nyumba ilikuwa imenyamaza mpaka saa ya ukutani ikasikika jikoni. Kuna siku Salvina alijikuta akiyasalimia yale mawe.

Mwanawe Hilda, wa miaka sita, alikuwa Kirua Vunjo, kijijini mlimani, kwa bibi yake. Salvina alipanda kumwona Jumapili moja kwa mwezi, na kila alipofika ilichukua nusu saa mtoto aache kumwonea haya kama mgeni. Nusu saa hiyo ndiyo iliyomuuma. Shule zilipofunga mwezi wa sita, alijikaza akamwuliza mzee kama mtoto anaweza kuja.

"Atafanya nini humu?" mzee alisema, bila ukali. "Nyumba haina hata kitu cha mtoto kuangalia. Samaki wakiingia, mlete. Akae mpaka shule zifunguliwe."

Tangu siku hiyo Salvina alipima maji kama anayepima joto la mtoto mgonjwa. Kijani kikapauka. Nitriti ikapanda, ikaanza kushuka. Ashif, kijana anayesambaza samaki wa mapambo kutoka Tanga, alikuwa akipita Moshi mara moja kwa mwezi, na safari yake ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Hesabu ilikuwa inakubali kabisa.

Kisha mawe yakaota utando wa kahawia, unaoteleza, wenye harufu ya shimo la taka. Salvina hakuweza kuuvumilia. Yeye ni mtoto wa nyumba ambamo kibuyu cha maziwa kinasuguliwa, kinafukizwa moshi, kinanuswa na watu wawili kabla ya kutumika. Jumamosi mzee alipokwenda hekaluni, aliyatoa mawe yote, akayasugua kwa brashi na jiki, akayasuuza mara tatu, akayaanika juani mpaka yakawa meupe, akayarudisha mahali pake.

"Naona kunang'aa," mzee alisema aliporudi, na Salvina akafurahi siku nzima.

Jumapili kijani. Jumatatu kijani zaidi. Jumanne mchicha mtupu. Mzee akasema labda dawa za kupimia zimeharibika.

Jumatano jioni darasani, mwalimu Ebenezeri alikuwa akifundisha kwa nini maharage yanarutubisha udongo. Alichora mizizi yenye vinundu, akasema mle ndani wanaishi bakteria wasioonekana, nao ndio wenye kazi. Salvina akayakumbuka mawe. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ukiwaosha kwa jiki?"

"Dada anataka kufua maharage!" mtu akasema nyuma, darasa zima likacheka.

"Wanakufa," alisema mwalimu. "Unaanza upya."

Alhamisi alasiri Ashif akapiga simu. Mzee, ambaye hakuona vizuri vitufe, aliiweka sauti kubwa kama kawaida yake.

"Shikamoo mzee! Kesho niko Moshi. Nina samaki wawili wa rangi ya machungwa, wazuri hao, watakufanya uache televisheni. Maji tayari, au nipitilize Arusha?"

"Ngoja. Salvina! Rangi?"

Salvina alikuwa amesimama kando ya tangi, kichupa mkononi. Mzee asingeweza kutofautisha. Neno moja tu, njano, na kesho samaki wangeingia, na Jumamosi Hilda angekuwa hapa, pua imegandamana na kioo. Akamwona. Kisha akaona Jumatatu yake: samaki wanapumua juu juu, wanalala ubavu, na mtoto anauliza wamefanywa nini.

"Kijani cha mchicha, mzee," alisema. "Na ni mimi. Niliyaosha mawe kwa jiki. Wale bakteria nimewaua wote."

Ashif akapasuka kicheko kwenye simu. "Mawe? Dada, na pasi uliyapiga?"

"Pitiliza Arusha," mzee alimwambia. "Njoo mwezi ujao."

Mwezi ujao shule zingekuwa zimefunguliwa. Mzee alikata simu, akamgeukia Salvina.

"Umejua lini?"

"Jana, mzee. Nikaogopa."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Nilishamwambia Khyati ni Ijumaa," alisema. Khyati alikuwa mjukuu wake huko Uingereza, aliyenunua tangi lile ili babu awe na kitu cha kumwonyesha kwenye simu. Mzee akamtafuta, akaanza kumweleza kwa Kigujarati, sauti ikiwa chini.

Salvina akaenda jikoni, akapiga Kirua. Alimweleza mwanawe yote, maana hakujua namna ya kueleza nusu.

"Yalikuwa machafu?" Hilda akauliza.

"Niliona hivyo."

"Si ungeuliza kwanza, mama," alisema mtoto, kwa sauti ya bibi yake kabisa. "Basi nije niangalie mawe."

Salvina alitaka kumwambia haiwezekani, mzee amesema samaki kwanza. Akakumbuka kwamba aliuliza mara moja tu, akajibiwa mara moja tu, na wote wawili wakaishia hapo. Akamwambia mtoto asikate. Akaenda kusimama kwenye mlango wa sebule, simu imebanwa kifuani, mpaka mzee alipomaliza na Khyati.

"Mzee, Hilda anauliza kama anaweza kuja tu hivi hivi. Aangalie mawe."

"Mawe?"

"Mawe, mzee. Na maji."

Mzee aligeuza uso kwenye tangi, ingawa kwake lilikuwa mwanga tu wa buluu.

"Ana kelele?"

Salvina angeweza kusema hana.

"Anazo, mzee. Sana."

Pampu ilinguruma. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha usoni.

"Sana kiasi gani?" akauliza.