Nyumba Inauzwa, Ng'ombe Hawamo Kwenye Bei

Gharib alipoamua kuuza nyumba hakumuuliza mtu. Alirudi kutoka dukani mchana, akala wali, akanawa, akasema, "Mama Yasmini, tunahamia Mwanza," kwa sauti ileile anayoombea maji ya kunywa. Ndugu yake Muksini alikuwa amemtafutia fremu huko, kubwa kuliko hili duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Bariadi. Kwa hiyo nyumba yao ya hapa mtaa wa Somanda inauzwa. Mwanaume kamaliza.

Faudhia alikuwa bado ameshika sahani. Nyumba ile aliingia bibi harusi, katoka kwao Tabora, wakati ina vyumba viwili na mlango wa bati. Vyumba vingine vilipojengwa, mafundi aliwapikia yeye, na matofali aliyamwagia maji yeye, na mimba ya Yasmini tumboni. Hakutaka kwenda Mwanza. Hakutaka kwenda popote. Alitaka azeekee pale na jeneza lake litokee pale. Lakini alisema? Thubutu! Alisema "Inshallah," tena kwa sauti ndogo, na mke wako akikwambia inshallah kwa sauti ndogo namna ile, tafuta pa kujificha.

Madalali Gharib hakuwataka, maana wana maneno mengi na maneno mengi yanamchosha. Muksini ndiye aliyempa ujanja. Huko Mwanza, eti, watu wanaifungulia nyumba blogu yake yenyewe, nyumba moja blogu moja, unaweka picha na maelezo kila siku mpaka mnunuzi ajione kama keshahamia. Binti yao Yasmini, aliyekuwa chuoni Dodoma, akaifungua blogu kutoka hukohuko kabla chai ya baba yake haijapoa. Nani ataandika? Gharib vidole vyake vimezoea kupima misumari. Akamsukumia mkewe simu.

"Wewe ndiye unayeijua nyumba. Andika kila kitu, usifiche. Wanunuzi wa siku hizi wanataka ukweli."

Jamani! Mtu mzima, ana ndevu zake, anampa mkewe uwanja na filimbi.

Faudhia alianza na paa. Aliandika: "Paa hili alilipiga mwenye nyumba mwenyewe ili kukwepa fundi. Mvua ikinyesha tunakaa sebuleni na masufuria, kila sufuria ina mlio wake, na mwenye nyumba anashikilia kwamba paa ni zima, ni upepo tu unaoleta maji." Akaweka na picha ya masufuria. Siku iliyofuata akahamia jikoni: "Mlango wa jikoni haufunguki mpaka uupige teke. Teke lenyewe si popote, ni pale chini karibu na bawaba. Mwenye nyumba hajaliweza mpaka leo. Akitaka chai alfajiri lazima aniamshe."

Bariadi ikavunjika mbavu. Kufika Ijumaa blogu ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafanyabiashara, ya kwaya, ya vikoba, na masufuria ya Faudhia yalijulikana kuliko diwani. Gharib yeye hakusoma hata mstari. Alikuwa anaangalia ile namba ya wasomaji tu, inavyopanda, anajipiga kifuani.

"Umeona? Watu wanaingia! Muksini ana akili sana."

"Ana akili kweli," Faudhia alijibu, akaendelea kuchambua mchele. Wasomaji walikuwa wengi, wanunuzi hakuna hata wa dawa, na yeye roho yake ilikuwa kwatu.

Angeishia hapo, tungekuwa tumemaliza. Lakini mtu akishaona anapigiwa makofi hajui kushuka jukwaani. Faudhia akataka kupiga msumari wa mwisho. Akaandika habari za ng'ombe.

"Wapendwa wanunuzi, siku ya mnada msianike nguo. Ua wa nyuma ulianguka zamani. Ng'ombe wanaopelekwa mnadani wakifika hapa wanaacha barabara, wanaingia uani wenyewe, wanalala chini ya mwarobaini na kucheua utadhani wamelipa kodi. Wachungaji wanapiga miluzi mpaka mate yanakauka, hawasikii. Mavi kila mahali, inzi mpaka kwenye kikombe. Ng'ombe hawamo kwenye bei, ila mtawapata." Na picha juu: madume mawili yamelala, na jike moja linaangalia kamera bila aibu.

Akabonyeza, akaenda kulala, akalala fofofo.

Kesho yake simu ya Gharib haikupumzika. Walipiga watu wa vijijini, wa Sola, wakapiga wa Mkula, wakapiga wa Zagayu. Hakuna aliyeuliza vyumba vingapi. Hakuna aliyeuliza hati. Wote walikuwa na swali moja: "Ni kweli ng'ombe wanaingia wenyewe?"

"Wanaingia," Gharib alijibu, akikuna kichwa.

"Na wanalala? Hawasukumwi?"

"Wanalala."

"Basi usimuuzie mtu, nakuja."

Faudhia alisikia hayo yote akiwa mlangoni. Alikuwa amesahau anaishi wapi! Yeye ni mtoto wa muuza vitenge, ng'ombe kwake ni kitu cha kuchanganya na ndizi. Lakini kwa Msukuma mwenye zizi, mahali ambapo ng'ombe anakwenda kulala bila fimbo ni mahali penye amani, mahali ambapo mifugo itaongezeka na watoto pia. Anaweza kupatafuta ujana wake wote asipapate. Na yeye Faudhia amepatangaza bure, na picha juu.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Mayige wa Zagayu, na mkewe Nyanjige, na jogoo mmoja wa zawadi amefungwa miguu.

"Mwadila, mayu," mzee akamsalimia Faudhia kwa Kisukuma, yaani habari za mchana, mama, maana jua lilikuwa limeshageuka.

"Mwadila, baba. Karibuni ndani."

Mzee hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, akainama, akageuza bonge la mavi kwa fimbo yake, akalitazama, akainuka uso unang'aa.

"Hawa walilala wametulia kabisa," alisema.

"Njoo uone vyumba, mzee wangu," Gharib alihimiza. "Sebule ina vigae."

"Vyumba vitakuwepo tu."

Faudhia alitaka kulia, na hapohapo alitaka kujizaba kibao. Akajaribu bahati yake. "Ila paa linavuja, baba. Linavuja vibaya."

"Tutaezeka."

"Mlango wa jikoni nao ni mbovu."

"Tutaung'oa."

Kuung'oa! Mlango wake! Faudhia akageuza uso upande wa ukuta, maana machozi yalishafika.

Nyanjige hakuwa kwenye mazungumzo hayo. Alikuwa chini ya mwarobaini, ameinama juu ya pipa lililokatwa nusu, limejaa maji masafi mpaka juu. Akaita, "Mayu, haya maji ni ya nini?"

"Ya... ya kufulia."

Nyanjige akaokota kitu pembeni ya pipa, akakigusa kwa ncha ya ulimi. "Na hili bonge la chumvi? Mnafulia na chumvi?"

Hilo la chumvi Faudhia hakuliandika kwenye blogu, na hata mimi nilikuwa nimenyamaza, nisingewaambia kama Nyanjige asingeliona. Ilianza kiangazi kimoja, jike moja lililochechemea lilimwangukia uani ulimi nje, akashindwa kulitazama likifa. Akalipa maji. Mnada uliofuata likaja na wenzake. Tangu hapo kila siku ya mnada yeye huamka akajaza pipa, anawatukana ng'ombe huku anawawekea chumvi.

Mzee Mayige alimtazama mkewe, akamtazama Faudhia na macho yake mekundu, akaanza kucheka taratibu, tumbo linatikisika.

"Baba," akamwambia Gharib, "ng'ombe hawajaipenda nyumba yako. Wanamfuata huyu. Sasa yeye anakwenda Mwanza, mimi nitakuwa nimenunua matofali."

"Ah, mzee, chumvi kila mtu anaweza kuweka!"

Nyanjige akamkata. "Na huyu analia. Sisi hatuhamii mahali mama mwenye nyumba anatoka analia. Muulize kwanza."

Gharib akageuka. Alimtazama mkewe kama anaangalia mzigo alioagiza mwenyewe akasahau umekuja na nini. "Faudhia, hutaki kuhama?"

"Sitaki."

"Hutaki kabisa?"

"Sitaki, Gharib. Sitaki leo, sitaki kesho. Nenda Mwanza ukafungue duka, Jumamosi urudi. Mimi hapa sitoki."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza."

Wakaingia ndani, chai ikamiminwa, mzee akakaa palepale panapovuja. Gharib, kwa kukosa pa kuweka macho, akachukua simu ya mkewe na kwa mara ya kwanza akaisoma blogu kuanzia mwanzo. Alipofika kwenye paa, masikio yalimwiva. Alipofika kwenye mlango, aliweka kikombe chini.

"Hii ya paa, Bariadi nzima wameisoma?"

"Na Maswa," Faudhia alisema.

"Na sisi Zagayu tumeisoma, baba," Nyanjige akaongeza kwa upole. "Mjukuu alitusomea mara mbili."

Mzee Mayige akapaliwa na chai. Gharib akajikaza, akajikaza, halafu kicheko kikamtoka puani, na kilipotoka hakikurudi. Simu yake ikaita, mtu wa Mkula anataka kujua kama ng'ombe bado wanaingia. Akaikata. Akavuta ile ya mkewe karibu na macho, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, midomo ikitembea, na wote watatu wakimngoja.

Alipomaliza akamwonyesha. Alikuwa ameandika: "Nyumba haiuzwi. Nilikuwa sijamuuliza mke wangu."

"Nabonyeza wapi?" akauliza.

Faudhia akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwonyesha.