Samaki ya Kupasuliwa Mugongo

Hii habari ukiisikia utasema ninabeba bongo, ninakudanganya. Haiwezekani, utasema. Lakini ilifanyika hapa hapa Kisangani, wakati Babeleji bangali banaita muji Stanleyville, na batu ya ku chutes, fasi mayi inaanguka ku mabwe, banaiongea mpaka leo na hasira.

Papa Camille alikuwa muvuvi ya pale, fundi ya mugono, ile kitunga mukubwa banategaka samaki katikati ya mayi makali. Bibi yake, mama Félicité, alitoka Yanonge. Alors, akili ya mama ikaanza kumuacha. Kwanza alisahau chumvi. Kisha akasahau majina ya batoto yake, benye balikuwa ku kazi ya reli kule Ubundu. Mwisho akawa anashuka ku mayi, anasema mama yake anamuita ng'ambo. Mara mbili bavuvi balimushika nguo wakati mayi inataka kumubeba. Na majirani? Badala ya kusaidia, bakasema iko ndoki, muchawi. Hakuna mutu alikubali kubaki naye wakati bwana yake iko ku mugono.

Donc Camille akamupeleka ku nyumba ya bazee, nyuma ya misioni. Mukubwa ya kule, Benoît, mutu ya viatu ya kungaa, akasema bure hapana: kila samedi, ni kusema jumamosi, alete samaki kapiteni yenye kupita zote kwa ukubwa. Camille akakubali. Tangu hapo samaki mukubwa inaenda kwa Benoît, anaiacha ku mulango, na yeye anarudi kula sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Lakini alikuwa na furaha, juu bibi yake iko salama. Kumuona tu ndiyo Benoît alikatala: akikuona atalia, tonton, muzee yangu, muache apumuzike.

Bon. Samedi moja, vile ametoka kuacha samaki, Camille akapita ku soko kutafuta kamba. Akaona Philomène, bibi ya Benoît, anauzisha samaki ya moshi. Akasimama. Ile samaki haikupasuliwa ku tumbo vile batu bote banafanyaka. Ilipasuliwa ku mugongo, kichwa imebaki nzima, kijiti imepita ku macho. Hapa muji muzima mutu moja tu ndiye alikuwa anapasua vile, juu mama yake alimufundisha kule Yanonge.

Akauliza na upole nani ametengeneza. Philomène akacheka, akasema iko mama moja ya kichwa mubaya kule kwa bazee, mikono yake haichokake, na mushahara haombi.

Mama yangu! Camille alitembea mpaka kule bila kuona njia. Hakupiga hodi. Akapita nyuma, fasi moshi inatokea. Félicité alikuwa amekaa chini, kisu ku mukono, vidole imechanjwa-chanjwa, macho nyekundu, kilima ya samaki mbele yake. Na juu kabisa, ile kapiteni Camille mwenyewe alileta asubuhi.

Benoît akafika mbio. Camille akamukamata ku kola.

"Mimi ninakulipa, na wewe unatumikisha bibi yangu? Tena ku samaki yangu?"

"Tonton, acha nguo yangu. Ukimunyanganya kisu anapiga kelele mpaka usiku. Akiwa na samaki, anatulia. Bon, mubebe. Kesho ukienda ku mugono, nani atamuchunga? Mayi?"

Hiyo neno ndiyo iliwasha moto. Camille akamuangusha ndani ya matumbo ya samaki, na viatu yake yote ya kungaa. Kisha akapiga magoti mbele ya bibi yake, akamushika mukono, akajaribu kutoa kisu pole pole.

Félicité akamuangalia vile banaangaliaka mugeni. Hakukasirika.

"Acha, papa," akasema. "Bwana yangu anatoka ku mayi na njaa. Hii mukubwa iko yake."

Camille akabaki pale, kisu katikati ya mikono yao, hasira imemujaa mpaka ku shingo, na hana fasi ya kuitupa. Nyuma yake Benoît anapanguza viatu, anacheka. Kule chini mayi inanguruma.

Sasa wewe, ndugu yangu, ungefanya nini? Ungebeba bibi yako, ama ungemuachia kisu?