Mkono wa Zinki

Jumamosi moja ya Februari 1996, Évariste alipanga vyuma vitatu mezani kwenye gereji aliyokodi ughaibuni, mtaa wa Parkdale: pistoni za alumini, vipande vya bomba la shaba, na kipande cha kizuizi cha mashine, kile cha kukinga mikono, alichokibeba kutoka kiwandani alikofanya kazi, ndani ya mfuko wa chakula. Bukavu, alikojifunza kusubu, fundi hayeyushi chuma kabla hajakigonga na kukisikiliza. Alumini ililia vizuri. Shaba ililia kwa madaha. Kizuizi kilitoa mlio wa ubao: zinki iliyojazwa madini ya risasi, takataka tupu.

Ndicho kilichovunjika, mashine ikachukua mkono wa kulia wa Yvan, kijana aliyefanya naye kazi. Ripoti ya ajali iliandika “uzembe”, akafukuzwa. Yvan hakutaka kingine ila neno hilo lifutwe.

Évariste aliazimia kusubu kizuizi kipya kwa zinki ileile, akivunje mbele ya mkaguzi wa usalama kazini. Hakuwaza kwamba anayeyusha ushahidi. Fundi akitaka kuthibitisha jambo, hulitia motoni. Alikandamiza kizuizi kizima, alichoazima kwenye mashine nyingine, mchangani kupata umbo lake, akamimina. Alipofungua kalibu alikuta mkono wa mtu, wenye kovu kwenye kidole gumba. Akauyeyusha, akarudia. Mkono tena. Akajaribu alumini kwenye mchanga uleule, kikatoka kizuizi. Basi kosa halikuwa la mchanga.

Mkewe, Médiatrice, alileta chai.

“Hii njo mukono ya Yvan,” alisema.

“Njo yenyewe.”

“Uisafishe basi. Muchanga iko mu kucha.”

Jumapili, baada ya ibada, Yvan aliushika kwa mkono wa kushoto, nao ukambana vidole kidogo. Alilia. Évariste naye alilia, kisha akautafutia glavu.

Mkaguzi aliupokea kwa adabu. Aliukwangua, akaupima, akakubali kuwa ni zinki mbovu, ni ya kizuizi kile, na mkono ni wa Yvan. Aliandika kurasa nne kwa mwandiko mzuri.

Jibu la ofisi yake lilifika mwezi wa nne. Kwa kuwa mkono umepatikana, hapakuwa na haja ya kuchunguza zaidi. Ripoti ibaki ilivyo. Aidha, zinki ni mali ya kiwanda na irudishwe kabla ya Ijumaa.

“Papa Évariste, nitaipeleka mwenyewe,” Yvan alisema.

Kiwandani, karani alimpa fomu ya kurudisha mali. Juu yake palikuwa na jina lake, na chini ya jina, sababu ya kuachishwa kazi: uzembe. Yvan hakuweza kuandika kwa mkono wa kushoto. Aliuweka ule mkono juu ya karatasi, karani akaupa kalamu, nao ukamsainia.