Boksi la Baba na Mafaili Yangu

Mwaka wa kumi na tisa huu niko masijala, napanga mafaili ya watu nisiowajua, halafu baba yangu mzazi makaratasi yake yote yako kwenye boksi la viatu. Hati ya nyumba, vyeti, risiti ya redio iliyokufa zamani, yote yamesimama wima humo, bega kwa bega. Sheria yake ilikuwa moja: karatasi mpya inakaa mbele, na ukitoa ya zamani ukaisoma, nayo unairudisha mbele. Basi. Ilinikera mpaka kichwa kinaniuma.

Mwezi uliopita nikajitwisha kazi. Nikanunua mafaili ya rangi, nikagawa: Nyumba, Afya, Watu. Ndani ya Watu, walio hai na marehemu. Ndani ya hao, kila mtu na lake. Baba alikaa kwenye kiti ananitazama.

Leo amelazwa, utumbo umejisokota, na daktari wa usingizi anataka jina la dawa iliyowahi kumzimisha baba nusura afe. Baba halikumbuki, jina gumu la kizungu.

"Imeandikwa," anasema, maumivu yanamkata kauli. "Iko nyumbani."

Daktari akaniambia bila jina hilo anaogopa kumtia usingizi wa upasuaji, na utumbo haungoji kesho.

Nikampigia mdogo wangu aliyebaki nyumbani. "Fungua Afya, halafu Baba, halafu Hospitali."

"Hamna, dada."

"Angalia Dawa."

"Humu kuna karatasi ya miwani tu."

Miwani imefikaje kwenye Dawa, jamani? Nani kaiweka kama si mimi? Nikamfokea mtoto wa watu kana kwamba kosa ni lake. Akafungua faili baada ya faili, nusu saa nzima, na mimi nimesimama koridoni, simu sikioni.

Akaikuta kwenye Watu, Marehemu, Mama. Ilikuwa kadi ya kliniki ya mama. Mimi, mtaalamu, niliangalia upande wa mbele tu, sikugeuza. Nyuma mama aliandika jina la dawa, na chini yake: "Mume wangu asipewe hii hata kidogo."

Daktari akaandika, wakaanza kusukuma kitanda. Baba akanishika mkono.

"Ni ile kadi ya mama yenu?"

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa naisoma kila asubuhi," alisema. "Tangu upange, sikujua niitafute wapi."