Kibuyu cha Kogo Chepngeno

Tangu asubuhi Nyanchoka hakutulia kitini. Alifungua kitabu akakifunga, akachungulia dirishani kuona jua limefika wapi, akainamisha kichwa, akachungulia tena.

"Leo umekalia siafu?" Bilhah, aliyeketi naye dawati moja, akamnong'oneza.

Nyanchoka akajilazimisha kutulia, lakini miguu haikukubali.

Mbele ya darasa la saba, juu ya benchi refu, zilipangwa kazi za mikono. Mwalimu Okeyo alikuwa amewapa wiki mbili. Kila mmoja achukue chombo cha nyumbani, akipambe kwa mkono wake mwenyewe. Kazi tatu zingechaguliwa leo, na kesho Ijumaa zingepanda lori kwenda maonyesho ya shule mjini Kericho, kila moja na jina la mwenyewe kwenye karatasi. Palikuwa na kikapu cha mkonge, palikuwa na kigoda alichokichonga Kiptanui, palikuwa na miiko na vyungu. Na palikuwa na kibuyu cha Nyanchoka.

Hakikuwa chake hasa. Kwao, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, vyombo vyote vilikuwa vya bati, na bati halichoreki. Ndiyo maana alikwenda kwa mama mzee aliyewauzia maziwa ng'ambo ya ua wa shamba. Jina lake Chepngeno, lakini watoto wa kambi walimwita Kogo, yaani nyanya, kama wajukuu wake wa Kikipsigis walivyomwita. Alikuwa na tabia ya kupima kikombe kimoja, kisha kuongeza kidogo bila kusema neno, kwa kuwa alijua nyumbani kwa Mzee Momanyi, baba yake Nyanchoka, kulikuwa na watoto watano. Alimsikiliza msichana mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa kilichong'aa kwa kushikwashikwa miaka mingi.

"Mama yangu alinipa hii siku ya kuolewa," alisema. "Chora tu. Lakini Alhamisi jioni irudi. Jumapili wageni wanakuja kuposa Tecla, mjukuu wangu, na maziwa yao lazima ilale ndani ya hii."

Kwa siku nane Nyanchoka alichora kwa waya wa moto. Alichora majani ya chai, mawili na kichipukizi, yakizunguka tumbo lote la kibuyu. Jana jioni, kazi ilipokwisha, alichungulia ndani akaona weusi mtupu. Alimhurumia Kogo. Macho yake yamechoka, alifikiri, haoni masizi haya. Kwao Ugusii chombo cha kuazima hurudishwa kikiwa safi kuliko kilivyotoka, mama yake alimfundisha hivyo tangu utotoni. Basi alichukua kipande cha sabuni, maji ya moto na changarawe, akatikisa mpaka mabega yakauma. Maji meusi yalitoka, kisha ya kijivu, kisha meupe. Alilala akiwa na furaha.

Sasa Mwalimu Okeyo alikuwa amekiinua kibuyu, akikigeuza polepole.

"Mkono huu ni wa nani?"

"Wangu, mwalimu."

"Hiki kinakwenda Kericho. Cha kwanza."

Darasa likapiga makofi. Walipotoka kwa mapumziko, Kiptanui alikaribia benchi, akatia pua kwenye mdomo wa kibuyu kama watoto wa kwao wanavyofanya.

"Nyanchoka, hii kitu inanuka kama shati ya kwenda kanisa."

"Niliiosha. Ilikuwa na masizi mengi ndani."

"Uliosha na nini?"

"Sabuni."

Kiptanui akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka.

"Hiyo si masizi. Ni mkaa ya mti ya senetwet. Kogo yangu anapaka kila akiosha, miaka na miaka, ndiyo maziwa inalala vizuri bila kuoza. Na anaosha na maji ya moto peke yake. Sabuni haiguswi." Alimtazama, akapunguza sauti. "Hii ni ya nani?"

Nyanchoka alikuwa ameshatoka nje.

Alizunguka darasa mara mbili. Akaenda bombani, asinywe maji. Mwalimu alikuwa amesema kibuyu kitafungiwa kabatini, na kwamba yeye mwenyewe angekwenda kumwomba mama mzee aongeze siku. Kwa hiyo angeweza kunyamaza. Kibuyu kingekwenda Kericho, jina lake lingesomwa na watu wakubwa, Kogo angetumia chombo kingine Jumapili. Na baadaye? Baadaye Kogo angemimina maziwa ndani, angesubiri, angeonja. Au angekataa kuongeza siku, akichukue na kumimina maziwa ndani leo hii, na wageni wa Tecla wakanywe uchafu. Alifika mlango wa ofisi, akarudi. Akafika tena, akarudi. Mara ya tatu mwalimu alimwona.

"Ingia au ondoka, mtoto. Unanitia kizunguzungu."

Akaingia, akaeleza yote bila kupumua.

Mwalimu Okeyo aliweka kalamu chini. "Ukikichukua sasa, na mama mzee akikizuia, lori halitakusubiri. Nitapeleka kikapu."

"Najua, mwalimu."

Nje mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza. Mwalimu alitoa koti lake la mvua msumarini, akakifunga kibuyu ndani yake, akampa. Yeye jioni hiyo alirudi kwake ameloa.

Nyanchoka alikimbia katikati ya michai, matope yakimrukia magotini. Alimkuta Kogo amekwisha kumfunga ndama, ndoo mkononi.

"Kogo, usimimine," alisema kabla ya salamu. "Nimeiosha na sabuni. Ndani."

Mama mzee aliweka ndoo chini. Alifungua koti, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaketi kwenye jiwe la mlangoni, kibuyu mapajani.

"Mama yangu alianza kupaka hii kabla nizaliwe," alisema. "Mimi nikaendelea juu ya mkaa yake. Sasa umeosha mkono ya mama yangu na sabuni."

Nyanchoka alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. "Nilitaka irudi safi."

"Najua. Ungekuwa mvivu, tungekuwa sawa." Alipangusa uso na kanga. "Jumapili nitaazima ya wifi yangu. Atanisema mpaka Krismasi."

"Na Kericho, Kogo?" Swali lilimponyoka, akalionea haya papo hapo.

"Haiendi. Imetembea ya kutosha."

Nyanchoka akaitikia kwa kichwa. Hakuomba tena.

Kogo alikigeuza kibuyu, akapitisha kidole juu ya michoro. "Hii ni chai?"

"Ndiyo."

"Na ng'ombe iko wapi? Chombo ya maziwa, umechora chai peke yake." Karibu acheke. "Utaweka ng'ombe siku nyingine. Leo kuja hapa."

Aliingia jikoni, akachemsha maji, akakisuuza kibuyu mara nyingi, akakianika juu ya moto mpaka kikakauka. Kisha akatoa motoni kijiti cha senetwet chenye kaa jekundu kwenye ncha, akamwekea Nyanchoka mkononi na kumwonyesha jinsi ya kukizungusha ndani, kwa kukandamiza, bila haraka. Nyanchoka alizungusha haraka. Kaa likazimika.

"Kila jioni utakuja," Kogo alisema, akimpa kijiti kingine. "Labda mpaka mvua ya mwaka kesho. Polepole."

Akazungusha. Moshi ukamwingia machoni. Barabarani lori la majani ya chai lilipita likielekea kiwandani, naye akageuza shingo, kisha akairudisha. Kogo alichukua kibuyu, akanusa.

"Bado sabuni," alisema, akamrudishia. "Tena."