Kidole Chenye Wino

...na neno lenyewe mkataba, bibi, asili yake ni kuandika, ukoo mmoja na kitabu na katibu, anasema wakili, kijana wa shingo nyembamba, kola imemmeza, na bibi kidole gumba chake kiko juu ya karatasi, kimeshapakwa wino, hakijashuka, kuandika, ehe, kumbe ni kuandika tu, na ukoo wenyewe ni wa makatibu, hapo sasa, hajapata kuona katibu akatoka na kidogo kuliko alichoingia nacho, basi kinachosemwa kwa mdomo humo hakimo, na mwanawe amesema kwa mdomo mpaka mate yamemkauka, mama nyumba iwe kwa jina langu kurahisisha mambo, mama chumba chako ni chako mpaka Mungu atakapokuita, lakini wakili aliposoma ilikuwa vingine, mama ataishi chumba cha nyuma kwa ridhaa ya mwenye nyumba, mwenye nyumba nani, si huyu huyu aliyeketi hapa ubavuni akiitazama feni kana kwamba feni ndiyo iliyomnyonyesha, ridhaa, neno zuri, linanukia, na siku mkewe akiamka vibaya ridhaa itakwenda kulala wapi... Hapo bonyeza tu, mama, anasema mwanawe, kamshika kifundo cha mkono, polepole, kama anayemvusha kipofu barabara, nani kamwambia haoni, zamani hata mkataba hawakusema, mama yake bibi alisema mapatano, watu wawili wamepatana, si karatasi imepatana na wino, na yeye na shoga yake, marehemu sasa, walishona magodoro ya pamba maisha mazima bila kijikaratasi, godoro limesimamishwa katikati kama ukuta, huyu huku, yule kule, hamwonani, unapenyeza sindano ndefu, na kabla ya kuvuta lazima uulize, umeshika? na usivute mpaka usikie, nimeshika, ndipo kila mtu avute kwake na fundo likae, siku moja tu alivuta bila kungoja, sindano ikamtoboa shoga kiganja, na shoga badala ya kulia akasema, haya, umeshanishona, nitandike na shuka kabisa... na huyu mwanawe alikulia humo humo, usingizi wake juu ya marobota, pua zimejaa pamba, umeshika, nimeshika, ndiyo iliyombembeleza, alitamka nimeshika kabla hajatamka baba... Mama, watu wanatungoja nje, anasema, na mkono wake unasukuma, hauvuti, unasukuma kwenda chini, tangu lini fundo likakazwa kwa kusukuma, au anamdhania vibaya, labda ni joto, labda ni maneno ya mkewe, mtoto ni wake, ngoja amjaribu, na bibi anauliza, bila kugeuka, umeshika? Nishike nini tena, mama? anasema mwanawe, anacheka kidogo, anamtazama wakili ili wacheke wote, wazee hawa, na wakili hacheki, anafunika kalamu yake, feni inazunguka, mkono uko pale pale juu ya mkono, kidole kiko pale pale hewani, nishike nini, hakukumbuka, wala hakujisumbua kutafuta, na bibi hasira hana, ajabu, wala shaka hana tena, anausikia tu wino ukianza kumkaza ngozi ya kidole, unakauka, acha ukauke...